Gari Lililo Nje kwa Dhamana

Wananchi wote, walio nyumbani na walio ng'ambo, wenye magari mapya na wenye matumaini ya kuwa nayo, wanatangaziwa kwamba kuanzia leo hakuna gari litakalopoteza dhamana yake eti kwa sababu mwenyewe yuko mbali. Serikali imeliona jambo hili. Serikali imelia nalo. Serikali imeliundia Idara.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Maneno "imelia nalo" yalikuwa yangu kabisa, na Mkurugenzi alipoyasoma aliniambia, "Kijana, kalamu yako ina machozi." Nilikuwa na shahada moja, miaka mitatu ya kusubiri ajira, na siku mbili kazini. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Tatizo lenyewe lilikuwa la kweli. Mtu yuko ng'ambo, anafanya kazi, anajinyima, ananunua gari jipya kwa ajili ya wazazi wake huku nyumbani. Gari linakuja na kijitabu cha dhamana: likiharibika ndani ya miaka mitatu, kampuni iliyoliuza italitengeneza bure. Sharti ni moja tu. Kila miezi sita lifanyiwe huduma, na mwenye gari athibitishe. Sasa mwenye gari yuko ng'ambo. Atathibitishaje? Dhamana nyingi zilikuwa zinakufa kimyakimya, kama mimea ya nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Ndipo ikazaliwa Idara ya Dhamana za Magari Mapya ya Wananchi Waishio Ng'ambo, ghorofa ya tatu, mkabala na vyoo. Tulikuwa watatu: Mkurugenzi, mimi, na mama mmoja mtu mzima aliyehamishwa kutoka masjala akiwa na sanduku la mihuri kumi na saba. Tulimwita Mama Mihuri. Palikuwa na ukumbi wenye benchi, na dirisha la kuhudumia wateja. Fundi seremala alilipima dirisha hilo akiwa ameketi, kwa hiyo lilimfikia mteja kwenye mkanda wa suruali. Aliyetaka kuzungumza nasi ilimbidi ainame. Mkurugenzi alisema lisibadilishwe, linajenga nidhamu.

Siku ya ufunguzi alihutubia kwa dakika arobaini. "Nimekabidhiwa dhamana hii na taifa," alisema, mkono kifuani. "Nami nasema: dhamana si cheo. Dhamana ni huduma!" Tulipiga makofi hadi chokaa ikadondoka darini. Kesho yake aliagiza maneno hayo yachorwe kwa rangi ya dhahabu juu ya dirisha, na jina lake chini yake.

Kilichobaki kilikuwa Mwongozo. Idara bila mwongozo ni genge, alisema Mkurugenzi. Lakini tungeandika nini? Hakuna aliyewahi kuhudumia dhamana.

"Wapo," Mkurugenzi akasema baada ya kufikiri sana. "Mahakama. Kila siku wanatoa dhamana. Wana uzoefu wa miaka na miaka. Nenda ukaazime mwongozo wao."

Nikaenda, nikaazima. Kazi ya kuurekebisha niliifanya kwa kompyuta kwa muda usiozidi nukta tano: kila palipoandikwa "mahakama" pakawa "Idara," na kila palipoandikwa "mshtakiwa" pakawa "gari." Mara mia mbili na kumi na mbili. Nakiri niliposoma nilishtuka kidogo. *Gari litaripoti kituo cha polisi kila Jumatatu saa mbili asubuhi. Gari halitawasiliana na mashahidi. Gari litakuwa na wadhamini wawili wanaoheshimika katika jamii ya gari.*

"Mkuu," nilisema, "nahisi dhamana ya mahakama na dhamana ya gari ni vitu viwili."

"Maneno ni mangapi?"

"Neno ni moja, Mkuu."

"Basi."

Kwa mkono wake mwenyewe aliongeza vipengele viwili. Cha 18: *Mwenye dhamana aliye ng'ambo atafika dirishani yeye mwenyewe.* Nilimuuliza kwa upole kama walio ng'ambo si ndio hasa wasioweza kufika. Akanijibu kwamba anayeipenda dhamana yake atafika. Cha 19 alikinakili kutoka kwenye kijitabu cha gari lake la ofisini, kisha akakikaza kwa wino mzito: *Mwenye dhamana yoyote asipoifanyia huduma kwa miezi sita mfululizo, dhamana hiyo imekufa, awe nani awe nani.* "Hayo ya mwisho ni kwa ajili ya wakubwa," alieleza. "Wakubwa wana tabia ya kujisahau."

Nilimheshimu sana siku hiyo.

*

Miezi minne ya kwanza tuliitumia kwenye maandalizi. Mwezi wa tano, mteja wa kwanza akafika.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Aliinama dirishani, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba anaita mahudhurio.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, shikamoo mwalimu," tulijibu wote. Hatukujua kwamba ni mwalimu. Tulijikuta tu tumesimama.

"Marahaba. Kaeni. Binti yangu ni muuguzi, yuko ng'ambo. Alimnunulia baba yake gari, jipya, jeupe, lilifika wiki ileile mliyotangaza Idara yenu. Sasa giaboksi imeanza visa. Rivasi haiingii."

"Haiingii kabisa?" nikauliza.

"Linakwenda mbele tu. Ukiliegesha mahali, lazima utokee upande wa pili. Juzi tumetoka benki kupitia kwenye bustani yao ya maua." Alishusha sauti. "Mwanangu, sikia. Mzee wangu anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Lango la hospitali kuingia ni lile, kutoka ni lilelile. Kila siku nawaomba watu wanisukumie gari nyuma. Walinzi wamechoka. Jana mmoja kaniambia, mama, mimi nililetwa hapa kulinda, sikuletwa kuwa giaboksi."

"Kampuni inasemaje?"

"Wanatengeneza bure. Wanataka muhuri wenu tu kwenye kijitabu, kwamba mwenye gari amethibitisha huduma ya miezi sita. Mwisho Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao. Ikipita hiyo, dhamana imekufa, na giaboksi mpya sisi hatuiwezi hata tukiuza nyumba."

Huduma ilikwisha fanyika. Risiti ya fundi ilikuwa imebandikwa vizuri ndani ya kijitabu. Kilichohitajika kilikuwa muhuri mmoja kati ya kumi na saba, na saini ya Mkurugenzi. Nilikichukua kijitabu kile kwa mikono miwili nikampelekea.

Mkurugenzi alisikiliza habari yote macho ameyafumba.

"Gari linalokwenda mbele tu," akasema taratibu. "Lisilorudi nyuma. Kijana, hayo si maradhi. Hayo ni maendeleo."

"Lakini mzee, Mkuu. Hospitali."

"Mwenye gari yuko wapi?"

"Ng'ambo. Ni muuguzi."

"Kipengele cha 18. Aje."

"Hawezi kuwaacha wagonjwa wake, Mkuu."

"Basi gari liwe nje kwa dhamana, kwa mujibu wa sura ya pili. Wadhamini wawili. Kuripoti kituoni. Likionyesha tabia njema, tutaufikiria huo muhuri." Alitazama saa. Jioni ile alikuwa anasafiri kwa ziara ya wiki tano ng'ambo, kujifunza jinsi wananchi wetu wanavyoishi huko. "Dhamana ni kitu kizito," akaniambia akifunga begi. "Usiichezee."

*

Mwalimu alipokea masharti bila kupandisha sauti. Aliuliza tu, "Wadhamini wanaoheshimika katika jamii ya gari. Jamii ya gari ni ipi?"

Nilifungua Mwongozo. Hapakuwa na njia nyingine ya kuusoma. "Nadhani ni magari mengine, mwalimu."

"Mwanangu, umesoma?"

"Shahada, mwalimu."

"Pole."

Siku iliyofuata alileta wadhamini. Wa kwanza alikuwa pikapu ya jirani yake, muuza matofali. Mama Mihuri alishuka ghorofa tatu kuikagua, akaizunguka mara mbili kwenye moshi wake.

"Huyu mdhamini anavuta," akasema.

"Ni injini tu, dada," muuza matofali akajitetea. "Asubuhi asubuhi. Ikipata moto inaacha."

"Wote husema hivyo."

Wa pili alikuwa gari la wagonjwa la hospitali, lililopita kwa dakika moja kwa hisani ya dereva aliyemwonea Mwalimu huruma. Hilo halikuwa na doa. Niliandika kwenye fomu: *Linaheshimika. Wengine huliachia njia.* Pikapu tukaipitisha kwa onyo.

Jumatatu saa mbili kamili, gari jeupe liliripoti kituo cha polisi. Liliingia vizuri. Uwanja wa kituo una lango moja. Sajenti wa zamu akasaini kwamba limefika, akalipigia saluti kwa sababu fomu ilikuwa na nembo ya taifa, kisha akaliambia liondoke. Halikuondoka. Akaliamuru mara ya pili.

"Halina rivasi, afande," Mwalimu akamweleza. "Nipeni watu wanne tu tulisukume."

"Mama, gari liko chini ya dhamana. Mtu yeyote akiligusa likiwa kituoni ni kumtorosha mtuhumiwa. Litoke lenyewe, kwa hiari yake."

Lilikaa. Saa nane mchana Sajenti akaandika kwenye kitabu kwamba limejisalimisha, akalifungia.

Mimi nilipata habari Jumatano, nilipomwona Mzee. Nilikuwa nakatiza mbele ya hospitali nikaona ile pikapu inaingia langoni. Mzee alikuwa nyuma, ameketi juu ya matofali, amevaa koti lake la heshima na tai, mkono mmoja ameshika kofia, mwingine amemshika mke wake. Vumbi jekundu lilikuwa limemfikia kwenye nyusi. Muuza matofali aliendesha polepole kama anabeba mayai.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye kijana wa dhamana?"

"Ndiye mimi."

"Mke wangu anasema una moyo mzuri." Akakohoa. "Sasa sijui unautunza kwa ajili ya nini."

Usingizi ulinikimbia siku kadhaa. Nilimwandikia Mkurugenzi barua huko alikokuwa, nikamwomba ruhusa ya kugonga muhuri. Jibu lilikuja fupi: *Nitakaporudi. Hali ya hewa huku ni nzuri.*

*

Jumatatu ya wiki ya mwisho Mwalimu alifika akaketi kwenye benchi.

"Nipe huo Mwongozo wenu," akasema. "Wote."

Nikampa. Alichomoa kalamu nyekundu kwenye nywele, akaanza kusahihisha. Ukumbi mzima ulisikia kalamu ikikwaruza. Mara agune, mara azungushe duara. Mama Mihuri alijifanya anapanga mihuri lakini shingo ilikuwa ndefu kama twiga. Saa mbili zikapita. Kisha Mwalimu akanyanyua kichwa, akatazama maandishi ya dhahabu juu ya dirisha.

"Soma pale, mwanangu. Kwa sauti."

"'Nimekabidhiwa dhamana hii na taifa. Dhamana si cheo. Dhamana ni huduma.'"

"Nani kasema?"

"Mkurugenzi."

"Lini?"

"Siku ya ufunguzi. Ijumaa hii inatimia miezi sita."

"Sasa kipengele cha 19."

"'Mwenye dhamana yoyote asipoifanyia huduma kwa miezi sita mfululizo, dhamana hiyo imekufa, awe nani awe nani.'"

"Tangu ofisi ifunguliwe," Mwalimu akauliza kwa sauti ileile ya darasani, "mmefanya huduma ngapi?"

Nilifungua daftari la huduma. Lilikuwa jipya, kurasa zake bado zimeshikana. Moyo ukanipasuka. Lakini naomba nieleweke: moyo ulinipasuka kwa ajili ya Mkurugenzi. Dhamana yake ilikuwa imebakiwa na siku nne, na mwenyewe, maskini, alikuwa ng'ambo hana habari! Kama kulikuwa na mwananchi mmoja ambaye Idara hii iliundwa kumwokoa, ni yeye.

Nilimfungulia jalada papo hapo. *Mwenye dhamana: Mkurugenzi. Aina ya dhamana: ya taifa. Makazi ya sasa: ng'ambo. Huduma zilizofanyika: hakuna.* Nilipeleka nakala Wizarani kama Mwongozo unavyotaka. Wizarani hawasomi barua zetu, lakini hujibu zote. Kesho yake ikarudi na neno lililogongwa juu yake: ENDELEENI.

Nikampigia simu.

"Mkuu, dhamana yako inakufa Ijumaa saa tisa na nusu alasiri."

"Nini? Nani kasema?"

"Wewe, Mkuu. Kipengele cha 19."

Nikasikia sauti ya mtu akiketi. "Sikiliza, kijana. Nifanyie mpango. Andika chochote hapo, nitasaini nikirudi."

"Ningependa sana, Mkuu. Ila Mwongozo unasema mwenye dhamana aliye ng'ambo afike dirishani yeye mwenyewe."

"Lakini mimi niko mbali!"

"Ndiyo, Mkuu. Anayeipenda dhamana yake atafika."

Nilisema hivyo kumtia moyo. Alikata simu.

*

Ijumaa saa tisa na robo lifti ilikuwa mbovu. Tulimsikia kabla ya kumwona: magurudumu ya begi yakigonga ngazi, moja baada ya nyingine, ghorofa tatu. Alitokea ukumbini jasho linamtiririka, karatasi ya uwanja wa ndege bado inaning'inia kwenye begi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa ofisi yake.

"Wateja ni dirishani, baba," Mama Mihuri akasema kutoka ndani.

"Mama, mimi ni Mkurugenzi!"

"Mpaka saa tisa na nusu. Ndiyo maana nakwambia fanya haraka."

Akainama dirishani. Kwa mara ya kwanza aliona lilivyo kutoka upande ule. "Hili dirisha," akahema, "nani alipitisha hili dirisha?"

"Foleni, baba," Mama Mihuri akamjibu. "Kuna mtu mbele yako."

Kwenye benchi alikuwa ameketi Mwalimu, kijitabu mapajani, na kando yake Mzee katika koti na tai, ametoka kusafishwa damu, amechoka lakini hataki kukosa. Mwalimu akasogea nafasi kidogo.

"Karibu ukae, mwanangu. Pole na safari."

Nilimsomea Mkurugenzi hali yake. Ili dhamana isife, ilihitajika huduma moja iliyokamilika kabla ya saa tisa na nusu. Ombi lililopo lilikuwa moja. La Mwalimu.

Hakusema maendeleo. Hakusema aje mwenye gari. Alikiomba kile kijitabu kwa mikono miwili, na kwa kuwa dirisha lilikuwa chini na hapakuwa na meza, alipiga goti sakafuni akasaini juu ya begi lake. Kisha akamwandikia Sajenti barua ya kuliachia gari. Kisha Mama Mihuri akachagua muhuri, akaupulizia pumzi, akagonga. Ukumbi ukatetemeka. Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini na sita.

"Nimepona," Mkurugenzi akasema.

"Bado wadhamini, Mkuu," nikamkumbusha. "Wawili. Wanaoheshimika."

Alitoa simu. Alipiga kwa wakurugenzi wenzake sita. Wanne hawakupokea. Wa tano alisema yuko kikaoni. Wa sita aliuliza, "Mimi nikudhamini wewe?" akacheka, na alikuwa bado anacheka simu ilipokatika. Zilibaki dakika mbili. Mkurugenzi akatazama sakafu. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona akiwa na umbo la mtu.

"Lete hiyo fomu," Mzee akasema kutoka kwenye benchi.

"Mzee wangu?" Mwalimu akamgeukia.

"Ilete. Mtu akiwa nje kwa dhamana anahitaji wa kumwangalia. Sisi tumestaafu, nafasi tunayo."

Wakasaini, yeye na mke wake.

Gari jeupe lilisukumwa kutoka kituoni na askari wanne, Sajenti mwenyewe akishika usukani, na kampuni ikatia giaboksi nyingine bila maneno. Sasa hospitalini linarudi nyuma langoni taratibu, taa nyeupe zinawaka, na walinzi hulipigia makofi kila mara kama limefaulu mtihani. Binti yao aliye ng'ambo ametumiwa picha ya video ya gari likirudi rivasi. Wanasema ameitazama mara nyingi.

Mkurugenzi yuko nje kwa dhamana. Haruhusiwi kuvuka mpaka. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi anaripoti barazani kwa wadhamini wake kabla hawajatoka kwenda hospitali, na daftari la huduma mkononi, na kuna kigoda kifupi anachoketia. Mwalimu hulifungua, akavuta kalamu nyekundu kwenye nywele, akasoma ukurasa baada ya ukurasa wakati Mzee anafunga tai. Wiki ya kwanza zilikuwa huduma tatu. Wiki hii zilikuwa kumi na nne, na fundi seremala ameitwa kupandisha dirisha.

Nami nimeagizwa kuandika Mwongozo mpya, safari hii bila kuazima. Nina matumaini makubwa. Jana nilipitia lile daftari kutafuta mifano, nikaona alichoandika Mwalimu pembeni ya zile huduma kumi na nne, kwa mwandiko mzuri ulionyooka:

*Amejaribu. Arudie.*